Kesi ya Jirani Aliyenuna

Mke wangu Felicitas alifundisha darasa la nne Kinondoni mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akigombana na mtu. Ni mpole, anasali, anapika vizuri. Lakini ukimkuta sebuleni mchana, miguu juu ya stuli na kitabu mkononi, usimsemeshe. Ujue kuna mtu kauawa, na yeye yuko karibu kumjua muuaji.

Vitabu vyake ni vya Kiingereza, vya mitumba, ananunua Mwenge kwa mzee mmoja anayevitandaza chini. Mimi nasema vyote ni hadithi moja, ingawa yeye hakubali. Kuna mji mdogo wa Ulaya wenye kanisa, duka la mikate na mto. Watu wake wanakunywa chai tangu asubuhi. Mmoja wao anakutwa amekufa, na kwa kawaida ni mtu ambaye hakuna aliyempenda, kwa hiyo msomaji hapati tabu. Polisi wanakuja na hawaelewi kitu. Kisha mama mmoja wa makamo, muuza maua au mshona mapazia, anaanza kuzunguka akiuliza maswali, na mwisho anamkamata muuaji bila hata kuchafua viatu. Damu hakuna, matusi hakuna, na paka lazima awepo. Nilimuuliza siku moja ni mauaji gani haya yasiyotia hofu. Akaniambia ndiyo raha yake, kwamba mtu anasoma habari za muuaji halafu analala usingizi mzuri.

Tulipostaafu wote wawili, mimi nikitokea bandarini nilikokuwa karani, tulihamia Chanika kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo. Watoto walikuwa wameshatawanyika na kazi zao. Felicitas hakupapenda. Alisema pako kimya mno, na simu kutoka kwa mashoga zake wa Kinondoni zikaanza kupungua. Aliyemtoa kwenye upweke ule ni jirani yetu wa upande wa pili wa ua wa michongoma, Bi Mwajabu, mjane, Mzaramo wa hapo hapo, ambaye shamba la babu yake ndilo lililokatwa viwanja tunavyokalia sote. Siku ya kwanza kabisa alitokea kwenye uwazi wa ule ua akiwa na mihogo ya nazi iliyofunikwa kwa kawa. "Mmefika, jirani?" akasema. "Basi kuleni kwanza. Vyombo mtapanga kesho."

Bi Mwajabu hasomi Kiingereza, lakini anapenda hadithi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ikawa kila siku baada ya swala ya alasiri Felicitas anavuka na kitabu chake, wanakaa barazani juu ya mkeka, mmoja anasoma na kutafsiri, mwingine anachambua mchele na kutoa hukumu. Mimi nilikuwa nasikia kila kitu kutoka kwenye kiti changu upande wetu, nikijifanya nasikiliza redio.

"Mwenyekiti wa mashindano ya maua amekutwa amelala kifudifudi katikati ya mawaridi yake," Felicitas anasoma.

"Maua yanashindanishwa?"

"Huko kwao, ndiyo."

"Haya. Kafa?"

"Kafa."

"Na turubai wamefunga wapi?"

"Hakuna turubai, Bi Mwajabu. Wamekaa kwa kasisi wanakunywa chai."

"Msiba hauna turubai, hauna sufuria la wali, hata kilio hakuna? Basi wamemuua wote. Soma."

Na mara nyingi alikuwa anapatia. Kanuni yake ilikuwa moja tu, umtazame anayegawa sana. Katika kitabu hicho cha mawaridi kulikuwa na mama mwenye duka la keki ambaye kila baada ya kurasa chache anampelekea mtu kipande, na Bi Mwajabu alimshuku tangu mwanzo. "Huyo wa keki ana lake jambo," alisema. Felicitas alikuwa anamshuku kasisi. Walibishana juu ya hilo kwa raha ambayo mimi, mume wa mtu, sijawahi kuonjeshwa.

Sasa kuna jambo la vyombo, na lazima nilieleze hapa. Huku kwetu ukiletewa chakula kwenye bakuli la jirani, unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Na mwenye bakuli halidai, kwa sababu akilidai ni kama anakudai na chakula alichokupa. Felicitas anayajua hayo vizuri, na mabakuli yao yalikuwa yanavuka ule ua kwenda na kurudi kila wiki. Lakini Ramadhani iliyopita Bi Mwajabu alituletea futari kwenye hotpoti yake nzuri, ile yenye maua ya bluu, moja katika zile tatu alizozinunua kwa ajili ya siku kubwa ya binti yake Naima. Ndani kulikuwa na magimbi ya nazi na samaki, yamekaa moto kama yametoka jikoni sasa hivi. Tulikula mpaka tukaipangusa kwa mkate. Felicitas akaiosha, akaikausha, akasema, "Hii hairudi na ndimu, Adelard. Hii inarudi na ndizi za Bukoba."

Wahaya tunasemwa kwa kujisifu, na sitatutetea. Ndizi zipo Chanika, zipo Buguruni sokoni, zimejaa tele. Lakini kwa Felicitas ndizi ambayo haikutoka kwenye migomba ya kwao ni mapambo tu. Akampigia simu kaka yake Revelian. Revelian akasema mnyauko umeipiga migomba, wasubiri ile iliyopona ikomae. Basi akasubiri. Hotpoti ikapandishwa juu ya friji kusubiri pamoja naye. Na kwa kuwa nyumba yetu mpaka leo haina rafu ya vitabu, kitabu kilichokwisha kusomwa kikawekwa juu ya hotpoti, kisha kingine, kisha vingine vikapangwa mbele yake, mpaka pale juu pakawa maktaba. Idi ikapita, na ya pili ikapita. Sisi wenyewe tulishasahau.

Siku moja Felicitas alivuka na kitabu cha mawaridi akarudi mapema kuliko kawaida. Bi Mwajabu kasema ana kazi. Kesho yake kichwa kinamuuma. Siku iliyofuata akaitikia hodi kutoka ndani bila kutokeza uso. Salamu zilikuwepo, maana Bi Mwajabu si mtu wa kumnyima mtu salamu, lakini zilikuwa zimepoa, na "Mwalimu wangu" ikawa "Mwalimu" kavu.

Felicitas akakunja pembe ya ukurasa, akakiweka kitabu mezani, na hakukigusa tena. Hapo ndipo nilipoogopa. Huyu ni mwanamke aliyewahi kuunguza maharage kwa sababu ya kasisi wa kwenye kitabu.

"Si ukimalizie mwenyewe?" nilimwambia.

"Si cha kusoma peke yangu hiki."

Akaanza tena kukaa dirishani kama siku zile tulipohamia, simu mkononi, akiwatafuta watu wa Kinondoni ambao hawakuwa na nafasi. Iliniuma kumwona hivyo. Kwa umri wetu rafiki mpya hapatikani kirahisi, na yeye alikuwa amempata mmoja.

Nikamshauri aende amuulize Bi Mwajabu kosa letu ni nini. Akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyetoa jibu kabla ya swali kuandikwa ubaoni. "Mtu haulizwi hivyo. Kwanza mpaka tujue wenyewe," akasema. Nikaelewa kuwa upelelezi umeanza, na kwamba raha yangu imekwisha.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mbwa wetu, Bosi. Nyumba ya jirani ni ya watu wa swala, na mbwa akiingia akalamba chombo ni balaa. Felicitas alizunguka michongoma yote akitafuta nyayo, akainama, akapima uwazi kwa mkono. Lakini Bosi ni mzee, hata kizingiti cha jikoni anakivuka kwa kufikiria kwanza. Akaachiwa kwa kukosa ushahidi.

Mshukiwa wa pili nilikuwa mimi. Kila Jumapili baada ya misa napitia njia panda kula kitimoto, yaani nguruwe, na hilo halijawahi kuwa siri. Sasa nikaulizwa nakaa upande gani wa upepo, nanawa kwa sabuni gani, na shati navulia wapi. Alilinusa shati langu, mwanamke niliyemuoa kanisani. Nilinuna mchana kutwa, ikawa mtaa una watu wawili walionuna.

Kisha akaishuku jumuiya yetu ya kanisani, kwamba Jumamosi waliposali kwetu waliimba kwa sauti kubwa. Nikamkumbusha kuwa Bi Mwajabu mwenyewe nimemsikia akifua huku anauimba mmoja wa zile nyimbo. Akaliacha hilo nalo.

Akaenda dukani kwa Twalib, ambaye anajua habari za mtaa mzima kwa sababu kila mtu anaishiwa chumvi. Alirudi na sukari ambayo hatukuihitaji na habari mbili. Ya kwanza, Naima anaposwa, wageni wanatoka Kawe, wanakuja Jumapili. Ya pili, Bi Mwajabu alikuja kuulizia hotpoti yenye maua ya bluu, moja tu, na Twalib kamwambia zile zinauzwa tatu tatu.

"Kwa nini atake moja?" Felicitas aliniuliza, akiweka sukari kabatini, bega lake limegusa friji.

"Labda mfuniko umepasuka."

"Labda," akasema. Lakini mawazo yake yalikuwa kwenye ile habari ya kwanza. Posa inakuja nyumba ya pili na sisi tunaisikia dukani. Kwa kawaida angeshaitwa kuchambua mchele na kupanga nani akae wapi.

Siku mbili kabla ya wageni, Naima mwenyewe alitokea kwenye uwazi wa ua. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama kasema, eti kama mna chombo cha kutilia chakula cha moto. Chenye mfuniko."

Felicitas alinyanyuka kama aliyeitwa mbinguni. Akaingia jikoni, akatoka na bakuli letu kubwa la plastiki, jekundu, lenye mfuniko wake. "Mwambie mama na sinia lipo, na mie mwenyewe nipo," akasema. Naima alilitazama lile bakuli, akachungulia jikoni, akafungua mdomo kutaka kusema neno, kisha akashukuru akaondoka. Mke wangu akanigeukia kwa furaha. Kwa maoni yake, mtu mwenye kinyongo na wewe hawezi kuazima chombo kwako.

Jumapili ile Felicitas alivaa kitenge chake kizuri tangu asubuhi, akafunga na kilemba, akakaa. Hakuniambia anangoja nini, na mimi sikuuliza. Magari yalikuja, tukasikia wageni wakikaribishwa, tukasikia vigelegele. Wanawake wa nyumba za jirani walipita na masufuria. Hakuna aliyekuja kumwita. Jua lilipoanza kushuka akaingia chumbani akavua kile kitenge, akakikunja, akaja kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nilimkasirikia Bi Mwajabu siku hiyo, kweli kabisa. Nilimwona mwanamke mwenye roho ngumu.

Kesho yake bakuli jekundu likarudi. Naima aliliacha mezani, akasema mama anashukuru. Ndani kulikuwa na visheti, vimekolea iliki, bado vinavunjika kwa sauti. Felicitas alikula kimoja polepole, cha pili akakirudisha.

"Kaninunia, na bado hakulirudisha tupu," akasema. "Huyu mtu ana adabu kuliko sie."

Alisema hivyo hasa, kwa mdomo wake, akiwa amelitazama bakuli. Na bado hatukunyanyua macho.

Wiki hiyo hiyo Revelian akapiga simu. Migomba iliyopona imekomaa, mkungu uko kwenye basi. Nilikwenda kuupokea, nikarudi nao nyuma ya bodaboda, mkungu mkubwa wa kijani uliofungwa kwa majani yake mwenyewe. Felicitas akaulaza jikoni, akawa anauzunguka na kuupapasa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona anacheka.

"Na kwa jirani utapeleka?" nikamuuliza, kwa uchokozi kidogo.

"Lazima nipeleke. Si tulisema kwa Bi Mwajabu kwanza, kwenye ile..."

Akageuka kulitazama friji. Akavuta stuli ile ile anayowekea miguu akisoma, akapanda, akaanza kunipa vitabu kimoja kimoja. Nikapokea wauza maua, nikapokea makasisi, nikapokea paka wa kila rangi. Nyuma yao wote, imejaa vumbi kwenye mfuniko, ikatokea hotpoti yenye maua ya bluu.

"Adelard," akasema kutoka kule juu. "Muuaji ni mimi."

Alicheka, kisha akakaa sakafuni karibu na ndizi akalia. Nilijaribu kumwambia kuwa na mimi nimo, maana hata mimi nilikula yale magimbi. Hakutaka mshirika. Alichokuwa anakiona ni bakuli letu la plastiki katikati ya zile hotpoti mbili, mbele ya wakwe, na binti wa watu akichungulia jikoni kwetu bila kuruhusiwa kuuliza.

Alimenya mwenyewe, akapika mwenyewe, ndizi na maharage na samaki wa moshi aliotumiwa pamoja na mkungu. Hotpoti akaiosha kama anayeiogesha. Kuibeba akaniachia mimi, nikapita nayo kwenye uwazi wa ua.

Bi Mwajabu alikuwa barazani juu ya mkeka, ungo wa mchele mapajani. Akatukaribisha. Nikaiweka hotpoti mbele yake, naye akaitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Nilikuwa nangoja ndizi za nyumbani," Felicitas akasema, bado amesimama. "Sikutaka irudi na kitu cha dukani. Zikachelewa, nikaiwekea vitabu juu, nikasahau. Sina la kujitetea. Nisamehe, Bi Mwajabu."

"Ndizi."

"Za Bukoba."

"Tangu Ramadhani, Mwalimu, wangoja ndizi?" Akanyoosha kidevu kuelekea migomba yake mwenyewe, iliyojipanga pale pale nyuma ya choo. "Na zile ni nini?"

Nilimwona Felicitas anavuta pumzi kutaka kueleza tofauti ya ndizi za Pwani na za kwao. Nikakohoa kwa nguvu, akaacha.

"Mie nilijua chakula changu hamkukila," Bi Mwajabu akasema. "Nikasema labda kimewashinda, wamempa mbwa, sasa wanaona haya kurudisha chombo. Nikangoja mpaka posa ikakaribia. Nikamtuma mtoto, mkampa plastiki. Siku ile mbele ya watu wa Kawe naweka mezani hotpoti mbili na bakuli jekundu, nikaingia chumbani nikalia. Wala sikulilia chombo. Nililia kwa kuwa ni wewe."

"Tulikila chote. Tukapangusa kwa mkate. Muulize Adelard."

Nikasema aliyepangusa ni mimi, na kwamba nilipangusa mara mbili. Bi Mwajabu akanitazama, akaona kuwa si uongo. Kisha akafanya jambo ambalo hatukumtegemea, akafungua mfuniko mbele yetu. Mvuke ukampanda usoni. Akamega kipande cha ndizi kwa vidole, akala, akafunika.

"Laini," akasema. "Lakini si za kungojwa hivyo."

Bosi alikuwa amefika kwenye uwazi wa ua na amesimama pale, akifikiria.

"Haya, na yule wa mawaridi," Bi Mwajabu akasema akiutazama ungo wake. "Nani kamuua?"

"Sijui," Felicitas akajibu.

"Hujui vipi, na kitabu unacho wewe?"

"Sijakigusa tangu siku ile. Ningekisoma na nani?"

Bi Mwajabu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akausukuma ungo pembeni, akasogea, akapigapiga mkeka pale palipokuwa pamebaki wazi.

"Kaa hapo, Mwalimu wangu. Wewe baba, tuletee kitabu. Tuliishia pale paka alipoikataa keki."